Kusimba diski ya laptopu dhidi ya wizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya mtu anayebeba laptopu yenye Windows, macOS au Linux na anayetaka ikiibwa, mwizi aondoke na chuma tu. Amri zilizoandikwa hapa zichapwe kama zilivyo, ila pale jina la diski linapotofautiana na lako.

Laptopu yangu ina nenosiri la kuingilia. Kwani halitoshi?

Halitoshi. Nenosiri la kuingilia ni agizo kwa mfumo endeshi usimfungulie mtu asiyelijua. Diski yenyewe haina habari na agizo hilo. Mwenye bisibisi ataifungua laptopu kwa chini, atachomoa SSD (diski ya laptopu za kisasa), ataichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma picha, mikataba, barua pepe na manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Asiyetaka kuchomoa kitu ataiwasha laptopu kwa flashi yenye Linux na kufungua mafolda yako kama yake. Hiyo ni kazi ya dakika chache na haihitaji utaalamu.

Nenosiri la BIOS, programu inayoiwasha laptopu kabla ya mfumo endeshi, nalo halibadilishi jambo hapa. Linazuia laptopu hiyo isiwake, lakini diski ikihamishiwa kwenye mashine nyingine inasomeka kama kawaida.

Kusimba diski kunafanya nini hasa?

Kila kinachoandikwa kwenye diski kinachanganywa kwa hesabu kabla ya kuandikwa, na kinachanguliwa kinaposomwa. Kanuni inayotumika karibu kila mahali ni AES katika mtindo wa XTS. Kazi inafanyika chinichini. Ukishaingia, hutaona tofauti yoyote.

Jambo linalofaa kueleweka mapema ni kwamba funguo ziko za ngazi mbili. Ufunguo mkuu, ambao ni namba ya kubahatisha iliyotengenezwa na kompyuta, ndio unaosimba data. Nenosiri lako, PIN au TPM (chipu ya usalama iliyo ndani ya laptopu) kazi yake ni kufungua kisanduku kidogo chenye ufunguo huo mkuu. Ndiyo maana ukibadilisha nenosiri diski ya terabaiti nzima haisimbwi upya: kinachoandikwa tena ni kile kisanduku tu. Ndiyo maana pia diski moja inaweza kuwa na njia kadhaa za kufunguliwa, mojawapo ikiwa ufunguo wa kurejesha, wa kutumia njia nyingine zikigoma, tutakaouzungumzia kwa kirefu huko mbele. Na ndiyo maana kisanduku kikiharibika, nenosiri sahihi halitakusaidia kitu.

Nitajuaje kama laptopu yangu imeshasimbwa?

Angalia kabla ya kufanya lolote, kwa sababu laptopu nyingi za siku hizi husimbwa zenyewe. Windows 11 toleo la 24H2 ikisakinishwa upya huwasha usimbaji bila kuuliza, na ulinzi hukamilika mtumiaji akiingia kwa akaunti ya Microsoft.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

`manage-bde -status C:`

Soma mistari miwili pamoja. "Percentage Encrypted" iwe asilimia 100, na "Protection Status" iwe "Protection On". Watu wengi huona asilimia 100 wakaridhika, na hapo ndipo pana mtego: diski inaweza kuwa imesimbwa yote huku ulinzi ukiwa "Protection Off". Hali hiyo maana yake ufunguo umeachwa wazi kwenye diski hiyohiyo, na yeyote anaweza kuutumia. Hutokea hasa kwenye laptopu mpya ambayo mwenyewe alitengeneza akaunti ya ndani badala ya akaunti ya Microsoft. Mfumo ulisimba diski, kisha ukabaki ukisubiri mahali pa kuhifadhi ufunguo wa kurejesha. Imesimbwa, lakini haijafungwa.

Kwenye Mac, fungua Terminal uandike `fdesetup status`. FileVault ni jina la usimbaji wa Mac, na jibu unalolitaka ni "FileVault is On."

Kwenye Linux, andika `lsblk -f`. Patisheni (sehemu ya diski) iliyosimbwa huonyesha `crypto_LUKS`, LUKS ikiwa ndio usimbaji wa Linux, na chini yake ndipo patakuwa na ext4, btrfs au LVM. Tazama na swap pia, yaani eneo la diski linalosaidia kumbukumbu ya kompyuta. Ikiwa imekaa nje ya eneo lililosimbwa, vipande vya kumbukumbu ya kompyuta, pamoja na manenosiri, vinaweza kuwa vinaandikwa humo waziwazi.

Nitayarishe nini kabla ya kuanza?

Nakala rudufu ya faili zote kwenye diski ya nje, na uhakikishe inafunguka. Kusimba kwenyewe ni salama, ila kunagusa kila kipande cha diski, na diski iliyokuwa inaelekea kufa huchagua siku hiyo. Kwenye Windows endesha `chkdsk C: /scan` kwanza, ikionyesha makosa, yatatue kabla ya kuendelea.

Chomeka chaja. BitLocker, yaani usimbaji wa Windows, inaweza kukatizwa katikati na kuendelea ulipoishia baada ya kuwasha upya, lakini hakuna sababu ya kuijaribu kwa betri ya asilimia 12. Andaa pia mahali pa kuweka ufunguo wa kurejesha ambapo si kwenye laptopu hiyo.

Windows: hatua ni zipi?

Inategemea toleo. Windows Pro, Enterprise na Education zina BitLocker kamili. Windows Home ina aina yake nyepesi iitwayo "Device encryption", ambayo ndani ni teknolojia ileile ila chaguo zake ni chache.

Kwenye Home ya Windows 11, nenda Settings, kisha "Privacy & security", kisha "Device encryption", uwashe. Usipoiona sehemu hiyo, endesha `msinfo32` kama msimamizi na utafute mstari unaohusu Device Encryption karibu na mwisho, utakwambia kinachokosekana. Mara nyingi ni TPM au Secure Boot (ukaguzi wa programu za kuwashia) iliyozimwa kwenye UEFI, ambayo ni BIOS ya kisasa.

Kwenye Pro, andika "BitLocker" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua "Manage BitLocker" na uchague "Turn on BitLocker" kwenye diski ya C. Utaulizwa mambo matatu. La kwanza ni mahali pa kuhifadhi ufunguo wa kurejesha: chagua zaidi ya mahali pamoja. La pili ni kama usimbe sehemu iliyotumika tu au diski nzima. Laptopu mpya isiyo na kitu, sehemu iliyotumika inatosha na inamalizika haraka. Laptopu iliyokwisha kutumika, simba diski nzima, kwa kuwa faili zilizofutwa bado zipo kwenye nafasi inayoonekana tupu. La tatu ni mtindo wa usimbaji. Kwa diski ya ndani chagua mtindo mpya, yaani XTS-AES. Kiwango cha kawaida ni biti 128, nacho kinatosha. Anayetaka 256 abadilishe sera kabla ya kuanza, maana baada ya hapo itabidi kusimbua na kusimba upya.

Ikitokea kisanduku cha kufanya majaribio ya mfumo, kiweke alama. Laptopu itawaka upya na kuthibitisha kwamba ufunguo unasomeka kabla data haijaguswa.

Je, niongeze PIN ya kuwashia?

Kwa kawaida BitLocker hutegemea TPM peke yake: laptopu ikiwashwa, chipu inakagua kwamba mfumo wa kuwashia haujachezewa, kisha inatoa ufunguo bila kumuuliza mtu chochote. Mwizi akiwasha laptopu anafika kwenye skrini ya kuingilia, na hapo anakwama. Akichomoa diski, anapata takataka.

Udhaifu ni kwamba ufunguo umeshaingia kwenye kumbukumbu hata kabla hujaandika nenosiri. Watafiti wameonyesha kwamba kwenye laptopu zenye chipu ya TPM iliyojitenga kwenye ubao mkuu, ufunguo unaweza kunaswa kwenye nyaya ukisafiri kutoka TPM kwenda kwa prosesa. Mwizi wa kawaida hafanyi hivyo. Anataka kuuza laptopu kabla ya jioni. Lakini kama unabeba taarifa za wagonjwa, wateja, au watu wanaoweza kudhurika zikivuja, weka PIN. Kero yake ni sekunde tano kila unapowasha.

Kwenye Pro, endesha `gpedit.msc`, ufuate Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, BitLocker Drive Encryption, Operating System Drives, na uwashe "Require additional authentication at startup". Kisha:

`manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN`

PIN iwe tarakimu 6 au zaidi, mwisho 20. TPM hujifunga baada ya majaribio mengi yenye makosa, kwa hiyo tarakimu 8 zisizo mwaka wa kuzaliwa wala namba ya simu zina nguvu kuliko zinavyoonekana. Ukiruhusu herufi na alama kwenye PIN, kumbuka kwamba skrini hiyo inatokea kabla Windows haijapakia mpangilio wa kibodi yako. Alama inaweza kuwa imehama. Tarakimu hazina shida hiyo.

Mac?

Ni rahisi zaidi. Nenda System Settings, "Privacy & Security", "FileVault", washa. Kwenye Mac zenye chipu ya Apple au chipu ya usalama ya T2, data huwa imesimbwa tayari na kifaa chenyewe tangu kiwandani. FileVault inachofanya ni kuufunga ufunguo huo kwa nenosiri lako, hivyo kazi inaisha papo hapo. Mac za zamani za Intel zisizo na T2 husimba kidogokidogo zikiwa zimechomekwa kwenye umeme, na inaweza kuchukua saa nyingi.

Utachagua kati ya kuruhusu akaunti ya iCloud ifungue diski na kupewa ufunguo wa kurejesha wenye herufi na tarakimu 24, makundi sita ya nne-nne. Ukichukua ufunguo, ujaribu siku hiyohiyo kwa `sudo fdesetup validaterecovery`. Ukijibiwa "true", umeuandika sawasawa. Ufunguo ukipotea lakini bado unaingia kwenye Mac, tengeneza mpya kwa `sudo fdesetup changerecovery -personal`.

Na Linux?

Wakati mzuri ni siku ya kusakinisha. Ubuntu, Fedora na Debian zote zina chaguo la kusimba kwenye hatua ya kugawa diski: weka alama, andika nenosiri, endelea. Mfumo utatumia LUKS2, na swap itaingia ndani pamoja na mengine.

Kusimba Linux iliyokwisha kusakinishwa kunawezekana. `cryptsetup reencrypt --encrypt` ikipewa `--reduce-device-size 32M` hufanya kazi kwenye patisheni isiyotumika kwa wakati huo, baada ya kupunguza mfumo wa faili ili heda, yaani sehemu ya mwanzo inayotunza visanduku vya funguo, ipate nafasi. Kisha ubaki na kazi ya kurekebisha vitu vya kuwashia mashine: `crypttab`, initramfs na GRUB. Ushauri wetu: hamisha faili, sakinisha upya, rudisha faili. Utamaliza mapema kuliko yule anayetafuta kwa nini mashine haiwaki.

Kitu ambacho watumiaji wengi wa Linux hawafanyi ni kuhifadhi heda. Megabaiti chache za mwanzo wa patisheni ndizo zenye visanduku vya funguo. Programu moja ya kugawa diski ikiandika juu yake kwa bahati mbaya, data yote imekwenda. Basi:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/nvme0n1p3 --header-backup-file heda.img`

Faili hiyo itoe kwenye laptopu. Na ujue kwamba heda ya zamani hufunguliwa na nenosiri la zamani: ukibadilisha nenosiri kwa sababu mtu alilijua, futa nakala ya zamani ya heda na utengeneze mpya, la sivyo mlango wa nyuma umebaki wazi.

Ongeza pia nenosiri la pili la dharura kwa `cryptsetup luksAddKey`, lijaribu kwa `cryptsetup open --test-passphrase`, na uliweke mbali.

VeraCrypt bado inafaa?

Programu hii ya kusimba inafaa kwa folda au diski ya nje unayotaka ifunguke Windows, Mac na Linux. Kusimba diski ya mfumo inaweza kwenye Windows tu, na ni chaguo la mwenye Windows Home asiyetaka akaunti ya Microsoft. TrueCrypt iliyoizaa iliachwa na watengenezaji wake Mei 2014. Ukiikuta mahali, hama.

Ufunguo wa kurejesha niuweke wapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezea data zao, kuliko kwa wezi. Usimbaji haujui kama anayeomba ni mwizi au ni mwenye mali aliyesahau.

Ufunguo wa BitLocker ni tarakimu 48, makundi manane ya sita-sita. Ukiwa na akaunti ya Microsoft, kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo, na unaupata kupitia aka.ms/myrecoverykey kwenye simu au kompyuta nyingine yoyote. Ingia leo uhakikishe upo. Laptopu ya kazini huenda ufunguo wake uko kwa idara ya TEHAMA. Laptopu uliyonunua ikiwa imetumika, na ambayo mtu mwingine ndiye aliyeingia kwa mara ya kwanza kwa akaunti yake, inaweza kuwa ufunguo wake umo kwenye akaunti ya mtu huyo, jambo ambalo hutalijua mpaka siku unapouhitaji. Dawa yake ni kusakinisha Windows upya ukiipata tu.

Kuuona ufunguo ukiwa bado ndani ya Windows:

`manage-bde -protectors -get C:`

Pamoja na tarakimu 48 utaona kitambulisho cha ufunguo. Andika herufi na tarakimu nane za mwanzo za kitambulisho hicho kwenye karatasi ileile. Skrini ya urejeshaji nayo huonyesha kitambulisho, na mtu mwenye laptopu mbili au aliyewahi kusimba mara mbili atajua ufunguo upi ni wa ipi.

Mahali pazuri: karatasi iliyochapwa na kuwekwa na hati zako nyumbani, na nakala ya pili kwenye programu ya kutunza manenosiri inayofunguka kwenye simu. Mahali pabaya: faili kwenye laptopu hiyohiyo, karatasi ndani ya begi la laptopu, au flashi inayoning'inia pembeni mwake. Na nenosiri la akaunti inayotunza ufunguo lisiwe limehifadhiwa ndani ya laptopu iliyofungwa tu. Ufunguo utakuwepo ila hutaufikia.

Skrini ya bluu inanidai ufunguo wa kurejesha na sijafanya chochote. Kwa nini?

TPM imeona kitu kimebadilika kwenye njia ya kuwashia, ikakataa kutoa ufunguo. Vyanzo vya kawaida: sasisho la BIOS, Secure Boot kuzimwa au kuwashwa, TPM kusafishwa kwenye UEFI, mpangilio wa kuwashia kubadilishwa, Linux kusakinishwa pembeni, ubao mkuu kubadilishwa. Wakati mwingine flashi iliyosahauliwa imechomekwa inatosha; ichomoe, zima, washa tena kabla ya kuhangaika.

Ikiendelea kudai, ingiza tarakimu 48. Kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11, kwa hiyo ukikosea skrini huwa inagundua kwenye kundi lenyewe kabla hujafika mwisho. Vitufe vya namba vikiwa vimekufa, tumia F1 hadi F9, na F10 kwa sifuri.

Kuzuia usumbufu huo, sitisha ulinzi kabla ya kusasisha BIOS:

`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 1`

Ulinzi utarudi wenyewe baada ya kuwasha upya mara moja. Ukiandika 0 hautarudi mpaka uuwashe mwenyewe, na watu husahau.

Tatizo linaweza pia kutoka nje kabisa. Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Marekebisho yalihitaji kuingia kwenye hali salama, na kwenye mashine zilizosimbwa hilo lilidai ufunguo wa BitLocker. Waliokuwa na funguo mahali panapofikika waliendelea na kazi mapema zaidi.

Ni kweli kwamba laptopu iliyolala haijalindwa?

Karibu kabisa. Usimbaji unalinda laptopu iliyozimwa. Ikiwa imewashwa, au umefunga kifuniko ikalala, ufunguo mkuu umo ndani ya kumbukumbu na umeme unaendelea kuitunza. Kinachomzuia mwizi ni skrini ya kuingilia peke yake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba kumbukumbu ikipozwa haraka hubaki na yaliyomo kwa muda hata umeme ukikatwa, na funguo za diski zikasomwa humo. Kuna pia mashambulizi kupitia Thunderbolt, ambayo hugusa kumbukumbu moja kwa moja. Laptopu za Windows za miaka ya karibuni zina kinga dhidi yake, za zamani mara nyingi hazina.

Wezi wengi hawana ujuzi huo. Wana bahati tu: wanaichukua laptopu iliyofunguliwa mezani, akaunti iko wazi, skrini inawaka. Hapo AES haina la kusema.

Kwa hiyo weka skrini ijifunge baada ya dakika 2 hadi 5, na ujizoeze kubonyeza kitufe cha Windows na L, au Control, Command na Q kwenye Mac, kila unaponyanyuka. Ukisafiri, zima kabisa. Wasiopenda kufunga kazi zao watumie haibaneti, ambayo huandika yaliyomo kwenye kumbukumbu ndani ya diski iliyosimbwa kisha hukata umeme. Kwenye Windows iwashe kwa `powercfg /hibernate on`, halafu kwenye mipangilio ya umeme chagua "Hibernate" kwa tendo la kufunga kifuniko. Kwenye Linux inahitaji swap iliyosimbwa yenye ukubwa wa kutosha kubeba RAM. Fahamu tu kwamba BitLocker isiyo na PIN, ikitoka haibaneti, itajifungulia diski yenyewe mpaka skrini ya kuingilia. PIN na haibaneti huenda pamoja.

Laptopu itapungua kasi?

Hutaona tofauti kwenye kazi za kawaida. Prosesa za Intel zimekuwa na maagizo ya AES ndani yake tangu 2010, ingawa aina za bei ya chini ziliyakosa kwa miaka kadhaa. Kwenye Linux, `grep -m1 -o aes /proc/cpuinfo` ikijibu "aes", uko salama, na `cryptsetup benchmark` itakupa kasi halisi. Kwenye SSD za NVMe zenye kasi kubwa, vipimo vinaweza kuonyesha upungufu. Kwenye mashine isiyo na maagizo hayo utauona hata bila vipimo. Kwa mashine kama hiyo Linux ina Adiantum, kanuni ya usimbaji iliyobuniwa na Google kwa vifaa dhaifu.

SSD yangu inasema inajisimba yenyewe. Niitegemee?

Hapana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walikuta SSD kadhaa za Crucial na Samsung ambazo usimbaji wake wa ndani ungeweza kukwepwa bila nenosiri. BitLocker ya wakati huo iliziamini diski kama hizo na kuziachia kazi. Tangu Septemba 2019 Microsoft ilibadilisha, ikawa inasimba kwa programu isipoagizwa vingine. Kama laptopu yako ilisimbwa kabla ya hapo, tazama mstari wa "Encryption Method" kwenye `manage-bde -status`: ukitaja "Hardware Encryption", simbua na usimbe upya.

Nenosiri la namna gani?

Kwa LUKS na VeraCrypt, ambako hakuna chipu ya kuhesabu makosa, mwizi anaweza kunakili diski na kujaribu kwa kompyuta zake usiku na mchana. Maneno sita yaliyochaguliwa kwa dadu kutoka orodha ya maneno 7,776 yanatoa takriban biti 77, na yanakumbukika. Lazima yachaguliwe kwa kubahatisha. Methali, aya za dini na mistari ya nyimbo, hata ziwe ndefu, ni vitu ambavyo orodha za wavunja manenosiri huanza navyo. Epuka pia alama zinazohama kibodi ikibadilika.

Kwa Mac, nenosiri la kuingilia ndilo linalofungua diski, hivyo herufi nne hazifai tena.

Diski iliyosimbwa ikiharibika, data zinaokolewa?

Kwa shida zaidi. Diski ikiwa nzima na laptopu ndiyo imekufa, SSD ya kuchomoa inafunguka kwenye kompyuta nyingine kwa ufunguo wa kurejesha au nenosiri. Mac za karibuni zenye hifadhi iliyofungamanishwa na chipu hazitoi nafasi hiyo. Diski yenyewe ikiharibika, vipande vinavyookolewa havina maana bila heda na ufunguo. Nakala rudufu basi si hiari. Nayo isimbwe: Time Machine ya Mac ina chaguo la kusimba, Windows Pro ina BitLocker To Go kwa diski za nje. Laptopu iliyofungwa huku diski ya nje iko wazi ndani ya begi moja ni kazi bure.

Anayeahidi kufungua diski isiyo na nenosiri wala ufunguo wa kurejesha anataka pesa yako.

Fundi anataka nenosiri. Nimpe?

Kubadilisha betri, skrini au kibodi hakuhitaji diski ifunguliwe. Akihitaji kujaribu mashine, aiwashe kwa flashi yake. Ubao mkuu ukibadilishwa, TPM inaondoka nao, kwa hiyo uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi kabla ya kuipeleka.

Usimbaji haunilindi na nini?

Virusi vinavyoingia ukiwa umewasha, programu za kuteka faili na kudai fidia, barua za ulaghai, faili ulizopandisha mtandaoni: vyote hivyo hukuta diski imeshafunguliwa. Pia haukulindi dhidi ya mtu anayepata laptopu, akachezea sehemu ya kuwashia isiyosimbwa, akairudisha mezani uandike nenosiri. Secure Boot na nenosiri la UEFI hupunguza hatari hiyo.

Nikiuza laptopu?

Usimbaji unarahisisha: ukiharibu funguo, data imekwisha. Kwenye Mac tumia "Erase All Content and Settings", kwenye Windows "Reset this PC" ukichagua kuondoa kila kitu. Kwenye LUKS, ukiwa umewasha kwa flashi, `cryptsetup erase` ikipewa jina la patisheni hufuta visanduku vyote vya funguo. Haribu na nakala za heda pia. Kwenye SSD iliyotumika kwanza bila usimbaji, mabaki ya zamani yanaweza kuwa kwenye vipande ambavyo mfumo haufikii, hivyo tumia pia chaguo la kufuta SSD lililomo kwenye UEFI ikiwa lipo.

Imeshaibwa. Nifanye nini sasa?

Jiulize kwanza ilikuwa katika hali gani. Ilikuwa imezimwa na imesimbwa: toa taarifa polisi na namba ya kifaa, iondoe kwenye orodha ya vifaa vya akaunti zako, badilisha nenosiri la barua pepe kwa tahadhari. Ikiwa ni Mac yenye Find My, iweke kwenye hali ya kupotea.

Ilikuwa imelala au imewashwa: chukulia kwamba faili zimeonekana. Kutoka kwenye simu, toka kwenye barua pepe katika vifaa vyote kwanza, kwa sababu barua pepe ndiyo inayobadilisha manenosiri mengine, kisha benki, kisha programu ya kutunza manenosiri. Futa funguo za SSH na tokeni za kazini, yaani vibali vya kuingilia seva na huduma za kazi. Kama kulikuwa na taarifa za watu wengine, mwambie mwajiri siku hiyohiyo na umtajie kwamba mashine haikuwa imezimwa. Sheria nyingi za ulinzi wa data huhesabu muda wa kutoa taarifa kwa saa, na jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama wenye taarifa wanapaswa kujulishwa.